Umeshajua majina mangapi?

Nimerudi chuoni wiki iliyopita na viatu vyangu bado vina udongo wa Maswa kwenye soli, ule udongo mweusi wa mbuga ambao mvua ikinyesha unanata hadi mguu unakuwa mzito. Wiki nane za mazoezi ya kufundisha zimekwisha. Kilichobaki ni mitihani ya mwisho, kisha kusubiri ajira. Mama aliponipigia simu kuuliza mambo yalikwendaje nilimjibu "salama tu, mama", kwa sababu salio lake lilikuwa linaisha na alikuwa stendi ya Muheza na beseni lake la machungwa. Lakini haikuwa salama tu. Nimeona niandike kabla sijasahau, maana nikipata darasa langu mwenyewe nataka nikumbuke nilivyoanza vibaya.

Nilipangiwa shule ya msingi moja katika Wilaya ya Maswa, mkoani Simiyu. Darasa la Tatu, Hisabati na Kiswahili. Wanafunzi 112 kwenye daftari la mahudhurio, madawati 24. Dawati la watoto watatu lilikuwa linabeba wanne, mengine watano, na waliobaki walikaa sakafuni mbele kabisa, karibu na ubao, wakiandikia magotini. Chuoni tumefundishwa kwamba mwalimu mmoja wa shule ya msingi anapaswa kuwa na wanafunzi 45. Tangu Januari 2016 michango ya lazima ilipoondolewa, watoto wengi ambao wangebaki nyumbani wameingia shule, na mimi nalifurahia hilo kwa moyo wote. Mdogo wangu ni mmoja wao. Ila vyumba havikuongezeka kwa mwendo ule ule, wala walimu, na mwanachuo ndiye anayekutana na hesabu hiyo asubuhi ya Jumatatu akiwa na vipande viwili vya chaki mkononi.

Andalio langu la kwanza la somo lilikuwa safi. Dakika 40 zimegawanywa, hatua zote zipo: utangulizi, maarifa mapya, kuimarisha maarifa, tafakuri, hitimisho. Nikaingia. Wakasimama kwa pamoja, "Shikamoo mwalimuuu", hadi bati likaitika. Kufika dakika ya kumi sauti yangu ilikuwa imekwisha na waliokuwa nyuma walikuwa wanazungumza yao. Siku ya pili nikafanya nilichokiona kwa wengine, nikaokota fimbo. Sikumchapa mtoto. Waraka wa elimu namba 24 wa mwaka 2002 naujua, unasema kiboko ni cha mwalimu mkuu au mwalimu aliyemruhusu kwa maandishi, visizidi vinne, na viandikwe kwenye kitabu. Mwanachuo hayumo humo. Lakini nilikuwa naipiga juu ya dawati, pwa, na darasa linanyamaza. Nikajiambia hii ndiyo nidhamu.

Siku ya Alhamisi nilikuwa nafuta ubao. Fimbo sikuwa nayo hata, nilikuwa na dasta tu. Nilinyoosha mkono juu kufuta tarehe, na msichana mmoja aliyekaa sakafuni chini yangu akajikunja. Alifumba macho, akaingiza kichwa katikati ya mabega, mikono yote miwili ikaja juu ya utosi. Daftari lake, lililofunikwa kwa karatasi ya mfuko wa sementi, likaanguka. Wenzake hawakucheka wala hawakushangaa. Nilishusha mkono taratibu. Alifumbua jicho moja kwanza, akaniangalia, kisha la pili, akaokota daftari na kuendelea kunakili.

Usiku ule sikuweza kuandaa somo. Chuoni tulisoma andiko la Mwalimu Nyerere la Machi 1967, Elimu ya Kujitegemea, na kwa ajili ya mtihani nililishika vizuri: kwamba elimu imjengee mtoto akili ya kudadisi, uwezo wa kujifunza kwa wengine, na kujiamini kuwa ni mtu huru aliye sawa na wenzake. Nilipata alama nzuri kwenye swali hilo. Sasa nimelala chini ya chandarua, namfikiria mtu huru aliyeziba utosi kwa mikono kwa sababu mwalimu anafuta ubao.

Nikamkumbuka na mtoto mwingine. Nilikuwa Darasa la Nne. Mwalimu aliniuliza saba mara nane, nikasema hamsini na nne. Akaligeukia darasa akasema, "Mzomeeni." Wakanizomea. Hakunipiga, na sidhani kama jioni ile alikumbuka hata kwamba limetokea. Mimi sikunyoosha mkono tena darasani hadi nilipofika kidato cha pili. Miaka yote hiyo mwalimu akiuliza "mmeelewa?" niliitikia "ndiyooo" pamoja na wengine, na mara nyingi nilikuwa sijaelewa. Ndiyo ile ya pamoja ni mahali pazuri sana pa kujificha. Mtu anaweza kujificha humo hadi Darasa la Saba.

Kesho yake nilimweleza mwalimu wa darasa. Ni mama mtu mzima, amefundisha miaka 27, yote katika vijiji vya huko. Nilitaka aniambie nifanye nini ili watoto wanyamaze bila fimbo. Alinisikiliza huku akisahihisha madaftari, akaniuliza, "Mwanangu, umeshajua majina mangapi?"

Nikahesabu. Tisa. Na katika hao tisa, saba niliwajua kwa utundu.

Hakuongeza neno. Alirudi kwenye madaftari yake.

Basi nikaanza na majina. Nilichukua madawati matatu kwa siku, pamoja na watoto wachache wa sakafuni. Wakati wengine wanafanya zoezi nilikwenda nikachuchumaa kwenye dawati, kila mmoja ananiambia jina lake na kitu kimoja alichokifanya nyumbani kabla ya kuja shule. Niliandika vyote kwenye daftari dogo. Majina yao siyaweki hapa, ni watoto wa watu, lakini waliyoniambia nayasema. Wapo waliokwenda kisimani mara mbili kabla jua halijachomoza. Kuna mmoja aliyejua bei ya mbuzi mnadani kuliko mtu mzima, dume kiasi gani, jike lenye mimba kiasi gani, na kumbe huyo ndiye niliyekuwa nimeandika pembeni ya andalio langu kwamba hesabu hawezi. Kuna mapacha niliowachanganya wiki tatu nzima. Na yule msichana wa sakafuni aliniambia jina lake kwa sauti ndogo mno hata nikalazimika kuinama, akasema asubuhi ile alikuwa amembeba mdogo wake ili mama aende kupalilia pamba.

Siku nane madawati yote 24 yakawa yamekwisha. Nilichokigundua ni kwamba ukimwita mtoto kwa jina lake akiwa dawati la saba kutoka mbele, na wale kumi wanaomzunguka wanatulia pia. "Wewe wa nyuma" haimfikii mtu yeyote. Inapita juu ya vichwa vyao kama upepo.

Kelele zenyewe zilikuwa na sababu, na sababu niliikuta ubaoni. Mnaijua ile orodha: mwalimu akitoka, kiranja anachukua chaki na kuandika "Wapiga kelele", majina yanapangwa, na anayeendelea anaongezewa alama, mara mbili, mara tatu. Nilirudi darasani nikakuta majina 14. Badala ya kuwasimamisha niliwauliza walikuwa wanazungumza nini. Kimya. Nikamuuliza mmoja mmoja pembeni. Karibu wote wanakaa upande wa kulia, na walikuwa wanaulizana kilichoandikwa ubaoni. Nikaenda kukaa kwenye dawati lao. Kweli, kuanzia saa tatu jua linaingia kwa dirisha la kushoto na ubao wote unang'aa, huoni kitu. Hao watoto walikuwa wanasomeana, na sisi tulikuwa tunawaandika majina.

Ijumaa ile tulikwangua ubao na kuupaka upya kwa mkaa uliosagwa na majani ya maboga, kama wanavyofanya shule nyingi. Wao wenyewe walileta majani. Ubao ukawa mweusi usiong'aa, na dirisha tukalizibia kiroba kwa saa zile za jua. Siwezi kusema kelele ziliisha, maana watoto 112 ni watoto 112. Ila orodha ya wapiga kelele ilikaa siku kadhaa bila jina, halafu kiranja akaacha kuiandika bila mimi kumkataza.

Sasa nije kwa mvulana wa dawati la mwisho, karibu na mlango. Kwa wiki tatu sikumsikia akisema neno zaidi ya jina lake. Nyumbani kwao ni Kisukuma mwanzo hadi mwisho, na Kiswahili chake kilikuwa cha shuleni tu, cha kubahatisha. Alipolazimishwa kusoma alisema "chula" badala ya "chura", na waliozaliwa karibu na senta wakacheka, ingawa nusu yao nao wanasema hivyo hivyo.

Mimi ni Mbondei, mtu wa Tanga. Kisukuma nilikuwa sikijui hata chembe. Salamu moja nilifundishwa na mama mwenye nyumba niliyopanga, "mwangaluka", nikaipenda, nikawa namsalimia kila mtu nayo. Siku moja tuna kipindi cha Kiswahili saa nane mchana, nikaingia nikasema kwa nguvu, "Mwangaluka!" Darasa lote likaangua kicheko. Walicheka hadi wengine wakalaza vichwa madawatini. Nilihisi uso unapata moto, na kwa sekunde moja nilikuwa tena Darasa la Nne nimesimama na hamsini na nne yangu.

Kisha nikasikia kutoka mlangoni, taratibu: "Mwadila, mwalimu." Alikuwa yeye. Nikamwomba arudie. Akasimama akanieleza kwa Kiswahili chake, kwamba mwangaluka ni ya asubuhi, jua likishapita kichwani unasema mwadila. Nilichukua chaki nikaandika ubaoni maneno yote mawili, nikafuta la kwanza, nikalisema la pili. Nikalikosea. Akanisahihisha. Nikalisema tena, akatikisa kichwa kukubali, nikamwambia "wabeja", yaani asante, na hilo angalau nililipatia. Hakuna aliyecheka tena. Walikuwa wananiangalia mimi kwa makini kuliko siku zote, kwa sababu walikuwa wanamwona mwalimu akikosea mbele yao, akisahihishwa, na akiendelea kusimama pale pale.

Tangu siku ile nikaacha kuuliza "mmeelewa?" Nimeiondoa kabisa kinywani, na ninaamini ndiyo kazi ngumu kuliko zote nilizofanya Maswa, maana inatoka yenyewe kama kupumua. Nilianza kusema, "Nionyeshe ulivyofanya." Tulikuwa kwenye kutoa kwa kukopa. Niliandika 52 kutoa 27 nikauliza nani aje. Mvulana wa mlangoni akaja, mara ya kwanza kabisa, akaandika 35.

Zamani ningesema si sahihi, mwingine. Nikamwambia, "Nieleze." Akaonyesha kwa kidole: mbili na saba, saba ni kubwa, kwa hiyo anatoa mbili kwenye saba, inabaki tano, tano toa mbili, inabaki tatu. Nikauliza darasa nani mwingine ana 35. Mikono ikaanza kupanda, mmoja, miwili, kisha kama imefunguliwa bomba. Nilihesabu 61. Watoto 61 walikuwa na kosa moja, lenye mantiki yake kabisa, na siku mbili kabla ya hapo wote walikuwa wameniitikia "ndiyooo".

Tukatoa vijiti. Tulikuwa tumevikata wenyewe kwenye mabua ya mtama na kuvifunga kumi kumi kwa nyuzi za viroba. Nikampa mafungu matano na vijiti viwili, nikamwambia anipe vijiti saba. Akaangalia viwili vyake. Akaniangalia. Akasema, "Havitoshi." Nikanyamaza. Nilijiuma ulimi ili ninyamaze. Akakaa na fungu moja mkononi muda mrefu, akiuzungusha uzi kwa kidole, darasa zima limekata pumzi, halafu akaukata kwa meno. Akamwaga vijiti kumi mezani, akahesabu saba akanipa. Kisha akanipa na mafungu mawili bila kuambiwa. Akahesabu vilivyobaki: mafungu mawili na vijiti vitano. Wakampigia makofi, na makofi yale hakuna aliyeyaamrisha.

Natamani ningeishia hapo, lakini wiki ya sita niliharibu. Tulitoa jaribio, na siku ya kurudisha karatasi nikafanya kama nilivyofanyiwa mimi miaka yote: nikasoma alama kwa sauti, wa kwanza hadi wa mwisho. Sikufikiri hata kidogo, mdomo ulikwenda wenyewe. Wa mwisho alikuwa yule msichana wa daftari la mfuko wa sementi, tisa kati ya hamsini. Alikuja kuchukua karatasi yake kichwa kimeingia mabegani vile vile. Kesho yake hakuja. Keshokutwa hakuja.

Mwalimu wa darasa akanichukua tukaenda kwao, mwendo wa saa nzima kwa mguu. Mama yake alitukaribisha kwa heshima nyingi, akatutolea vigoda, akatupa maji. Alisema mtoto haumwi, amekataa tu, anasema yeye ni wa mwisho. Nilimwomba radhi yule mama. Alishangaa, nadhani hakuwahi kuombwa radhi na mwalimu. Mtoto alikuwa amejificha nyuma ya ghala, nikamfuata, nikachuchumaa, nikamwambia nimekosea. Hakunijibu. Lakini Jumatatu alikuja, nikarudia maneno hayo hayo mbele ya darasa: nilisoma alama zenu kwa sauti, si vizuri, sitafanya tena. Toka hapo kila mtu alipata karatasi yake imekunjwa, mkononi, na nilikaa naye juu ya kosa moja tu alilolichagua mwenyewe. Inachukua muda. Sijui mwalimu mwenye vipindi vingi kila siku atautoa wapi muda huo kila wiki, na kwa walimu wa kule sina neno la lawama. Nimewaona wakirudi nyumbani saa kumi na moja na marundo ya madaftari kichwani.

Kuna jambo moja halihusu ufundi wa mwalimu hata kidogo. Uji ulikuwa wa Darasa la Saba peke yao, kwa sababu wana mtihani wa taifa na mahindi yaliyochangwa na wazazi hayakutosha wote. Kuanzia saa tano na nusu huwezi kulifundisha Darasa la Tatu jambo jipya, watoto wanalala macho wazi. Nilichoweza ni kumwomba mwalimu wa taaluma abadilishe ratiba, Hisabati ije kipindi cha kwanza, na alikubali. Hakuna mbinu ya kuchangamsha darasa inayoshinda njaa, na ningependa wakufunzi wetu waliseme hilo waziwazi.

Siku ya mwisho nilipitia daftari langu dogo. Kati ya majina 112 nilikuwa nimeshika 106, kila moja na uso wake. Sita hayakuwa na uso. Yameandikwa kwenye mahudhurio tangu Januari, kila siku yana alama ya utoro, na kwa wiki nane sikuwahi kuwaona. Niliyasoma darasani, nikauliza nani anawajua.

Mvulana wa mlangoni akanyoosha mkono. Mmoja ni kaka yake.

"Yuko wapi?"

"Yuko na ng'ombe, mwalimu. Walihamia ng'ambo ya mto, kwenye majani."

"Atarudi lini?"

Akafikiri kidogo. "Mvua zikiisha."

Nilikuwa nimeshafunga daftari na nageuka kuchukua mkoba wangu aliposema tena, safari hii bila kunyoosha mkono:

"Akirudi nitamwambia uliliita jina lake."